Viatu Viwili vya Mguu wa Kushoto

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipoacha kutukosoa.

Uliondoka Jumanne asubuhi, ukiwa na miaka sabini na mmoja, mgongo umenyooka kitandani vilevile ulivyonyooka maisha yako yote. Muuguzi alipokuwekea mto vizuri ulimwambia, "Tena." Akauweka tena. Hilo ndilo lililokuwa neno lako la mwisho, na katika sisi tuliokuwepo hakuna aliyeshangaa.

Tangazo hili limeandikwa na binti yako. Mjomba, kaka yako, ndiye aliyempa kazi hiyo, na akampa pamoja na masharti: mistari sita, picha ile ya jukwaani, upole mwingi, basi. "Marehemu hasemwi vibaya, mwanangu," alimwambia. "Andika alikuwa mama mwema, mwalimu hodari, mcheza baleti wa kupigiwa mfano. Usituanike gazetini."

Binti yako alikaa na kalamu siku tatu kwenye meza yake ya kushonea. Kila alipofika kwenye "mama mwema" mkono uligoma. Hajui kusifia kwa uongo, na hilo alilirithi kwako, maana hukuwahi kumdanganya mtu kwamba amependeza. Kwa hiyo mistari sita imezidi, na upole umepungua. Mjomba atatusamehe, na asipotusamehe atanuna, amezoea.

Tuanze na kazi yako, kwa sababu kwenye kazi hatuna ugomvi na wewe. Uliingia kwenye kikundi cha baleti ukiwa na miaka kumi na saba, ukacheza safu ya nyuma, mmoja wa wasichana ishirini na wanne waliovaa nyeupe na kuinua mkono kwa pamoja. Ulijivunia kwamba mkono wako haukuwahi kutangulia wala kuchelewa. Ulipofika miaka ishirini na tisa ukaacha jukwaa, ukachukua ukumbi wa ghorofani juu ya duka la vioo, na humo ukafundisha miaka arobaini na mmoja. Sakafu ya mbao uliipiga msasa mwenyewe, umepiga magoti. Mabomba ya kushikilia ukutani uliyafunga mwenyewe, moja kimo cha watu wazima, moja kimo cha watoto. Mtoto aliyekuja hana viatu hukumrudisha kwao, ulimpa vyako ukamjazia pamba. Ulikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, na kopo lako la unga wa utomvu wa kupaka viatu visiteleze, na fimbo yako ya kugonga mapigo sakafuni. Fimbo ile haikumgusa mtoto hata siku moja. Haikuwa na haja, mdomo ulitosha.

"Tena." Ndivyo ulivyofundisha. Mtoto aruke, "Tena." Azunguke, "Tena." Akithubutu kuuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" unamkazia macho mpaka anajuta kuzaliwa, kisha, "Tena." Wakakuita Mwalimu Tena. Mpiga piano wako, mzee wa watu, alizoea kurudisha vidole mwanzo wa wimbo kabla hujafungua mdomo. Siku ya mazishi, waliobeba jeneza walipoyumba kidogo pale getini, sauti ikatoka nyuma: "Tena!" Watu wazima zaidi ya hamsini uliowafundisha wakaangua kicheko mbele ya maiti. Mjomba alinuna mpaka jioni. Sisi tulicheka, na tukikumbuka bado tunacheka.

Nyumbani hatukucheka sana. Marehemu Baba alikuwa akisema nyumba hii haina mama, ina mkaguzi. Binti yako alifagia tena, akaosha vyombo tena, akaandika barua moja ya shukrani kwa shangazi yake mara tano. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu alifunzwa na mamaye, na ulimwengu ulipofika akauona mpole.

Hukuwahi kumwambia "vizuri". Anaapa. Siku aliposimama kwa mara ya kwanza juu ya ncha za vidole bila kushika bomba, akahesabu mpaka nane, akakugeukia uso wote meno, ulisema, "Bega." Bega tu, ukapita.

Sasa tufike kwenye lile jambo. Unalijua.

Lilikuwa onyesho la mwaka, na binti yako alikuwa na miaka kumi na sita. Nafasi ya mbele, ya kucheza peke yake huku wengine wote wakiwa nyuma, ulimpa yeye. Hukusema kwa nini, kama kawaida yako. Alifanya mazoezi miezi mitano mpaka kucha za vidole gumba zikang'oka.

Mlangoni mwa ukumbi ulikuwa umebandika sheria moja, kwa herufi kubwa: KILA MTU AJISHONEE TEPE ZAKE. Kwa wasioijua kazi hii, viatu vya kusimamia ncha huja kutoka dukani bila tepe. Mchezaji ndiye anayeshona tepe mbili kwenye kila kiatu, za kufungia kwenye kifundo cha mguu. Tena vikija havina kushoto wala kulia. Mchezaji huvichagulia mguu mwenyewe na kuvitia alama ndani, na kwako alama ilikuwa nukta moja kushoto, nukta mbili kulia.

Binti yako wakati huo hakujua kushona hata kifungo. Akavipeleka kwa Mama Mdogo, mdogo wako wa mwisho, mwenye mkono mwepesi. Mama Mdogo akamshonea kwa mapenzi, mishono midogo, imebanana, hata huoni uzi.

Dakika tano kabla ya pazia ulipita nyuma ya jukwaa ukikagua. Ukamwinamia binti yako, ukapitisha kidole ndani ya kiatu cha kushoto. Ukanyanyuka.

"Vua."

Akavua, akijua utarekebisha. Ukakitia kiatu mfukoni mwa koti lako, ukamgeukia msichana wa safu ya pili. "Wewe. Nafasi ya mbele."

"Mama," binti yako akasema, na wenzake wote wanasikia, "nimefanya nini?"

"Hukujishonea."

Pazia likafunguliwa. Yeye akabaki gizani pembeni ya jukwaa, mguu mmoja una kiatu, mmoja mtupu, akisikiliza piano ikimpigia mwingine wimbo wake.

Hiyo ni miaka ishirini na mitano iliyopita. Ukumbini hakurudi tena. Alikwenda kujifunza kushona, na alijifunza kwa hasira, usiombe kuiona hasira hiyo kwenye kitambaa. Sasa ni fundi wa nguo za harusi, wateja wanamfuata kutoka mbali. Wewe ulimwita "mshona viraka". Dukani kwake ulikwenda mara moja tu. Ulilikuta gauni limening'inia, ukaligeuza pindo, ukalitazama kwa ndani muda mrefu, ukaondoka. Hata "tena" hukusema. Mpaka leo tunabishana ile ilikuwa nini.

Alichokitaka kwako kilikuwa kitu kimoja: kujua kwa nini. Wengine waliokamatwa wameshonewa tepe uliwapa ufagio, wakafagia ukumbi wiki nzima, yakaisha. Mbona yeye alivuliwa kiatu mbele za watu? Alikuuliza alipoolewa. Alikuuliza alipojifungua. Alikuuliza hospitali, ukamtazama, ukamtazama, tukajua leo linatoka. Ukasema, "Dirisha." Akainuka akalifunga.

Jibu limekuja wiki iliyopita, na halikutoka kwako.

Alikuwa amekaa na ile karatasi tupu mpaka uvumilivu ukamwisha, akaandika kwa herufi kubwa: Mama alikuwa na roho mbaya. Mama Mdogo alikuwa amepita kumsalimia, akasoma juu ya bega lake, akajitupa kwenye kiti.

"Futa hilo."

"Sifuti."

"Futa, mwanangu. Nikishakwambia ninachotaka kukwambia, ukiona bado linafaa, liandike tena kwa wino mwekundu."

Akafungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki, akaumimina mezani katikati ya mikasi na chaki. Viatu viwili vya baleti. Kimoja kimekuwa rangi ya chai kwa uzee, kingine bado kina rangi yake ya waridi. Ndani ya kila kimoja, nukta moja. Vyote viwili vya mguu wa kushoto.

"Nilivikuta kabatini kwake ukumbini, tulipokuwa tunatoa vitu," Mama Mdogo akasema. "Hiki ni chako. Hiki cha zamani ni chake."

Ndipo binti yako aliposikia jambo ambalo hukuwahi kutuambia. Kwamba nawe ulicheza mbele, mara moja, miaka arobaini na minne iliyopita. Mchezaji mkuu alishikwa na homa, wewe uliyejua hatua za watu wote ukaambiwa adhuhuri kwamba jioni ni zamu yako. Viatu vipya havikuwa na tepe, na uzi ulikuwa umekataa kuingia kwenye tundu la sindano. Mdogo wako, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuja kukuangalia, akakupokonya sindano. "Lete, dada, nikushonee." Ulicheza robo saa, na Mama Mdogo anasema watu waliacha hata kukohoa. Kwenye mzunguko wa tatu kisigino cha kushoto kikachomoka kwenye kiatu, ukaanguka kifudifudi mbele ya ukumbi uliojaa.

"Akawaambia nini?" binti yako akauliza.

"Kwamba ameteleza. Msimamizi akamtukana, akamwambia arudi safu yake ya nyuma na asitoke huko. Tulipobaki wawili chumbani akaninyooshea kiatu, akasema, 'Utepe.' Neno moja tu. Nikaanza kulia. Akaniuliza, 'Nani mwingine anajua?' Nikasema hakuna. Akasema, 'Basi.' Na ikawa basi, mpaka tumemzika."

"Na bado ukanishonea na mimi!"

"Ulinijia unalia! Nikajua mara ya kwanza nilikuwa mtoto, nilishona legevu. Safari hii nikabana. Nikarudia kila mshono mara mbili, nikaapa hautalegea hata mmoja." Akajifuta macho kwa kiganja. "Dada alipokuvua kile kiatu mimi nilikuwa nimekaa kwenye viti vya mbele. Pazia lilipofunguka nikaona mtoto mwingine, nikajua. Angetaja sababu angenitaja mimi. Alinificha mara ya pili, mwanangu, na safari hiyo alinifichia mgongoni kwako. Na mimi nikakubali kufichwa miaka yote hiyo. Hasira ulizo nazo nusu ni zangu. Nipe zangu."

Binti yako alikuwa amekwishachukua kile kiatu cha rangi ya chai, amekipeleka dirishani, anakigeuza ndani nje. Fundi ni fundi, hata akiwa analia mikono inaendelea na kazi. Haikupita nusu dakika. Kuzunguka mdomo wa kiatu kile, ndani ya mkunjo, imepitishwa kamba nyembamba. Ukiivuta, kiatu kinakaza na kushika kisigino. Sindano ya Mama Mdogo ilishona utepe, ikashona kitambaa, na ikapitiliza ikaishona na kamba. Kamba ikishonwa haivutiki. Kisigino kinabaki hakina wa kukishika. Akachukua kile cha pili, chake. Palepale. Mishono mizuri kupita kiasi, na kamba imenaswa ndani yake mara mbili.

"Ni hapa," akasema. "Umeshona na kamba."

Mama Mdogo akasogeza miwani. "Kamba gani?"

"Hii hapa."

"Kumbe ni hapo?" Akakishika kiatu kwa mikono miwili. "Miaka yote nadhani nililegeza. Kumbe nilizidisha?"

Mama, hapo ndipo binti yako alipokasirika kweli. Aliyoyabeba kabla ya hapo yalikuwa mazoezi.

Kumsitiri mdogo wako, hilo tunakuvulia kofia. Ulimeza aibu yako nzima, ukamlinda mtoto wa watu asiyejua. Lakini wewe ulijua! Kidole chako kilikwenda moja kwa moja kwenye kamba. Ulimnyooshea mdogo wako kiatu ukamwambia "utepe", hukumwambia "kamba". Ungemwambia kamba, asingerudia. Ukabandika sheria mlangoni badala ya kuwafundisha watu kushona. Ukamvua mtoto wako kiatu kumwepusha asianguke kama ulivyoanguka, na hilo nalo hukulisema, ukamwacha adhani humpendi. Ungetaka, ungefumua. Mishono yenyewe ni miwili ya kuikata. Binti yako alichukua mkasi akajaribu, Mama Mdogo akimwangalizia saa. Sekunde arobaini. Ulikuwa na dakika tano, Mama. Ungemwokoa ukabaki na muda wa kumwambia bega.

Mjomba alipopiga simu kuuliza mistari sita imefikia wapi, akaambiwa imekwisha kuwa kurasa. Akaguna, akauliza kama picha angalau itakuwepo.

Leo saa kumi alasiri kuna onyesho ukumbini. Wanafunzi wako wa zamani wameufungua upya, na wamemweka mpiga piano wako palepale. Mjukuu wako wa miaka kumi na mitatu anacheza. Binti yako alimruhusu shingo upande, naye mwenyewe aliapa kwamba ngazi zile hatazipanda ng'o.

Jana baada ya chakula cha mchana mtoto alimjia na viatu vipya na tepe. "Mama, nishonee. Si wewe ni fundi?"

Kazi ya dakika kumi, kwa mtu anayeshona shela. Binti yako akanyoosha mkono kupokea. Mkono ukaishia njiani.

"Jishonee mwenyewe."

Mtoto akanuna. Akaenda kukaa sakafuni, akashona kwa uzi wa kusafishia meno kama wafanyavyo wenzake ukumbini, kwa kuwa huo haukatiki. Alishona kwa kujichoma na kulalamika, kisha akaleta. Binti yako akapitisha kidole ndani ya kiatu cha kushoto.

"Fumua," akasema. "Tena."

Mama Mdogo alikuwa kwenye kochi anakula chungwa, akaacha kutafuna. Ilikuwa sauti yako, Mama. Si ya kufanana na yako, yako yenyewe, na kidevu chako juu yake. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Binti yako aliisikia ikitoka kinywani mwake, akatamani kuirudisha ndani kwa mikono.

"Nimekosea wapi?" mtoto akauliza.

Hapo ulipo unalijua swali hilo. Umeulizwa miaka arobaini na mmoja.

Binti yako akateremka kwenye kiti, akakaa sakafuni na mtoto mpaka magoti yakagusana. "Hapa," akasema. "Unaiona kamba hii? Sindano isiiguse. Ukiishona haitavutika, na kisigino kitachomoka ukiwa unazunguka. Usiniamini mimi, ivute uone."

Mtoto akavuta. Kamba haikuja. "Aaa," akasema, na uso ukamfunguka, ikawa imeingia. Akafumua. Mama Mdogo akaja na chungwa lake, akainama kuona, na hakuna aliyemfukuza. Mshono wa pili ulikwenda upande, lakini kamba ilipovutwa ikaja yote.

"Vizuri," binti yako akasema.

Mtoto hata hakuinua kichwa. Alikuwa ameshachukua kiatu cha kulia. Kwake lilikuwa neno tu.

Hatujakusamehe, tusidanganyane hadharani. Ila leo saa kumi binti yako atapanda zile ngazi. Ile sheria yako ingali imebandikwa mlangoni, na hataibandua, maana ni sheria nzuri. Amebeba kalamu. Chini yake ataongeza mstari uliousahau: SINDANO ISIGUSE KAMBA. Kisha ataingia, akae safu ya nyuma kabisa, kule ulikokuwa hodari.

Wanaokukumbuka: binti yako, mshona viraka. Mjukuu wako, aliyejishonea. Mdogo wako, anayekuomba radhi ya kamba, na anayetaka ijulikane kwamba hukuteleza. Kaka yako, aliyeomba mistari sita. Mpiga piano wako, ambaye mpaka leo akimaliza wimbo husubiri kidogo. Na wote uliowafundisha, popote waliposimama na mgongo umenyooka.

Kukusahau tumejaribu, tukashindwa. Tukajaribu tena. Utakumbukwa siku zote, Mama.